Umbali wa Umasaini na Kazi ya Kujitolea

Jioni hii nimeomba nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo vijana wengi wa miji yetu, na wageni wengi wa ng'ambo, hulitamani kwa nia njema, nalo ni kwenda kuhudumu bila ya ujira katika zahanati ya kijiji cha Umasaini. Nia hiyo naiheshimu, maana mimi mwenyewe, mtu wa Tanga niliyefundisha shule umri wangu wote wa kazi, niliifuata baada ya kustaafu, nikakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Longido, kaskazini ya Arusha, katika mbuga zilizo baina ya mlima Ketumbeine na mpaka wa Kenya, nikimwandikia muuguzi madaftari yake, nikipanga kadi za kliniki, nikichota maji, na kutenda kila dogo nililoamriwa. Sikuwa tabibu wala sikuitwa tabibu; na yamkini kwa sababu hiyo nilipata faragha ya kutazama mambo ambayo tabibu, kwa wingi wa wagonjwa wanaomngojea mlangoni, hana wasaa wa kuyatazama.

Niliyoyaona huko yamenipa yakini kwamba adui mkubwa wa siha ya watu wale, atanguliaye mbele ya homa ya mapafu na kuhara kwa watoto, na mbele ya kutokwa damu kwa wazazi, ni umbali. Na kwamba mengi ambayo sisi tulio mbali huyaita ujinga, au ushupavu wa mila, ni tadbiri walizozibuni watu wenye akili timamu ili waweze kuishi na umbali huo. Maadamu mambo ni hayo, mtu aendaye kujitolea hana kipimo kingine cha kujipimia ila hiki: je, kwa kuwapo kwake, mgonjwa na dawa yake wamekaribiana, ama wamebaki pale pale walipokuwa?

Zahanati ya nchi ile, kwa asiyeijua, ni jengo la vyumba vichache lenye paa la bati, tangi la maji ya mvua ubavuni, na jokofu dogo la chanjo liendalo kwa nguvu ya jua. Humo aghalabu yumo tabibu mmoja, ambaye ndiye mganga mfawidhi, na muuguzi mkunga mmoja, na mhudumu wa kuwasaidia; na mmoja wao akiitwa semina mjini, au akiugua, kazi yote humwangukia aliyebaki, usiku na mchana. Hutibu malaria kwa dawa ya mseto, hutibu kifua na tumbo na majeraha ya miiba, hupima wajawazito, huchanja watoto, huzalisha. Walakini upasuaji haumo, wala damu ya kumwongezea mgonjwa haimo, na ahitajiye hayo huandikiwa rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali. Kuandika rufaa ni kazi ya dakika chache. Safari yenyewe ndiyo mtihani: mpaka pikipiki ya kukodi ipatikane, mpaka mafuta yapatikane, mpaka makorongo yawe makavu, na masika yakiingia, korongo ambalo jana mbuzi walilivuka bila kulowa kwato, leo huwa mto wa matope usiopitika hata kwa gari lenye nguvu. Matabibu hutufundisha kwamba mzazi atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kukata roho katika muda wa saa 2. Msikilizaji na apige hesabu mwenyewe, saa hizo 2 zitamfikisha mzazi yule wapi juu ya ardhi ile.

Sisemi kwamba hawakutokea watu wa kupambana na umbali huu, kwani tarehe ya tiba katika Umasaini karibu yote ni hadithi ya mapambano hayo. Mwaka 1957 matabibu watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliazimia katika miteremko ya Kilimanjaro kuanzisha huduma ya madaktari wasafirio kwa ndege, na azimio lile ndilo lililokua hata likawa shirika la AMREF, lenye makao yake Nairobi. Katika miaka ya 1960 padre mmoja wa Austria aliyekuwa tabibu pia, Herbert Watschinger, alijenga hospitali pale Wasso, Loliondo, mahali ambapo hata leo kupafikia kutoka Arusha ni safari ya kuchosha mwili. Naye hakujenga akaenda zake, alikaa akahudumu miaka mingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja kugeuza macho ya serikali kuelekea vijijini. Na mwaka 1973 chombo hiki hiki tunachosikilizana kwacho, redio, kilifanya kazi ambayo ningependa kila kijana aijue. Nasema juu ya kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa majuma 12 iliwakusanya watu wazima wa Tanzania wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakashauriana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyokuwa maskani ya mbu. Sauti ilivuka mahali ambapo gari halikuvuka.

Lakini nasaha ya kuchimba choo ilimwafiki mkulima, ambaye nyumba yake ya mwaka huu ndiyo ya mwaka ujao, kuliko mfugaji ambaye kiangazi kikizidi hana budi kuhama na ng'ombe wake kuyafuata majani. Hata ile ahadi njema ya zahanati katika kila kijiji, ambayo serikali iliitoa katika mpango wake wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza mwaka 2007, imetungwa juu ya dhana kwamba kijiji hukaa mahali pamoja. Kijiji cha Umasaini hukaa kwa kutawanyika. Boma moja liko hapa, la pili liko ng'ambo ya kilima, la tatu moshi wake huonekana alfajiri tu. Na katika ukame kama ule wa mwaka 2009, ulioangamiza mifugo ya Longido kwa wingi wa kutisha, vijana na baba zao walikuwa mbali sana na kadi zao za matibabu. Mgonjwa wa kifua kikuu apaswaye kumeza dawa kwa miezi 6 pasipo kukatiza, naye ndiye mchunga wa pekee wa nyumba yake, umwambie nini? Akae ameze dawa, ng'ombe wafe na watoto walale njaa? Muuguzi wetu hakumwambia hivyo. Alimuuliza anahamia upande gani, akatafuta zahanati iliyo karibu na malisho yale, akaandika barua ya kumhamisha, akapiga simu huko; na simu hiyo, ili ishike mtandao, ilihitaji mtu wa kupanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kazi zangu, nami sijaona kazi ya kuionea fahari zaidi.

Naomba nikawie kidogo juu ya uzazi, maana ni hapo hasa ambapo watu wa Umasaini hulaumiwa kwa haraka. Mmasai mjamzito, kwa mila ambayo wataalamu wameiandika na mimi nikaisikia kwa wenyewe, hupunguza chakula katika miezi ya mwisho ya mimba: huacha nyama na mafuta, hunywa uji mwepesi au maziwa yaliyotiwa maji, na wako ambao hujitapisha. Mtu wa mjini asikiapo haya hushika kichwa. Muuguzi kijana, aliyetoka chuoni jana, humkemea mama mbele ya wenziwe kwamba anamwua mtoto kwa njaa. Na mama, kwa adabu zake, huinama, hupokea vidonge vya kuongeza damu, huondoka, na kliniki haimwoni tena.

Bibi mmoja mkunga wa jadi, ambaye sote tulimwita Koko kama waitwavyo mabibi wa nchi ile kwa heshima, alikuja siku moja akimsindikiza mke wa mjukuu wake. Nilimwamkia, nikampisha kivulini, nikamwuliza kwa ulimi wa binti aliyekuwa mkalimani wetu kwa nini desturi ile haiachwi. Hakuudhika. Alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi: "Baba, mtoto akiwa mkubwa akakwama usiku, mimi nitampitishia wapi? Hospitali iko wapi na mimi niko wapi? Mtoto mdogo nitampokea, naye atanenepa kwa maziwa nje. Mkubwa akikwama, napoteza wawili."

Wasikilizaji, hayo ni maneno ya mtu aliyepewa dhamana ya roho mbili pasipo kisu, pasipo damu ya akiba, pasipo gari, akaitazama dhamana yake na kuipangia. Tadbiri yake ina hatari yake, na hatari hiyo ni kubwa: mama aliyepungukiwa na damu kwa kutokula huwa hana akiba ya kustahimili hata damu kidogo imtokayo, na mtoto aliyezaliwa mwepesi kupita kiasi hushindwa upesi na baridi na maradhi. Lakini hatari hiyo haitaondoka kwa karipio. Itaondoka siku Koko atakapokuwa na yakini kwamba mtoto akikwama usiku, pikipiki ipo, gari litakutana nayo barabarani, na mpasuaji yuko macho. Akiipata yakini hiyo, yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mke wa mjukuu wake ale.

Muuguzi wetu, mama wa Kipare mwenye miaka mingi kazini, alilifahamu jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Aliwafungulia wakunga wa jadi mlango wa chumba cha kuzalia. Akawaacha wamshike mzazi mgongo, wamwombee kwa Engai kwa maneno waliyoyazoea, wamchemshie chai. Yeye akashika sehemu yake, wao wakashika yao. Mzazi akiisha kujifungua salama, jamaa zake huchinja kondoo na kumnywesha mafuta yake ili apate nguvu, na muuguzi hakuwakataza, alihimiza. Wale waliotoka maboma ya mbali aliwasihi waje majuma ya mwisho wakae kwa shangazi au kwa dada aliyeolewa karibu na zahanati. Wazee wa kijiji nao, baada ya vikao virefu chini ya mgunga, wakiongozwa na laigwanani wao, waliafikiana kwamba kila boma litoe mchango wa mafuta ya pikipiki, na mchango huo uwe na daftari. Daftari hilo nililishika mimi. Polepole nikamwona Koko akiwaleta wajawazito yeye mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, na wengine wao akiwaleta mapema, kabla uchungu haujaanza.

Nimemtaja binti mkalimani, na sitatenda insafu nikimpita kwa haraka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akingoja bahati yake, naye alikuja zahanati kila asubuhi akitembea kutoka bomani kwao, bila mshahara, bila cheti cha shukrani. Kila neno lililotoka kwa mgonjwa kwenda kwa tabibu, na kila agizo lililorudi, lilipita kinywani mwake: kidonge kimezwe mara ngapi, kidonda kifunguliwe lini, mtoto aletwe tena siku gani. Siku asipokuja, zahanati ilitibu kwa ishara za mikono. Tena kulikuwa na mipaka ambayo hata yeye hakuweza kuivuka, kwa kuwa msichana hawezi kumwuliza mzee wa rika la baba yake juu ya haja ndogo na maradhi ya siri. Aibu humfunga yeye na humfunga mzee, na mzee hutoka amepewa dawa ya kichwa. Kwa ajili ya wazee alitafutwa mwanamume mtu mzima, fundi wa baiskeli pale sokoni, naye akawa huitwa wakati wowote akaacha gurudumu lake na kuja. Watu wawili hao walijitolea kuliko mgeni yeyote niliyemwona.

Sasa niingie katika chanjo, na hapo naomba mnivumilie, kwa kuwa uzito wa kazi hii umo katika vitu vidogo. Chanjo ya surua hutolewa mara 2, mtoto afikapo miezi 9 na tena afikapo miezi 18. Huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi 10, hutiwa maji yake maalumu, na ikiisha kutiwa maji, itakayobaki baada ya saa 6 hutupwa. Kabla ya hapo yapasa kukaa katika baridi ya baina ya nyuzi 2 na 8, tangu bohari hata mkononi mwa muuguzi. Basi tazameni: mama amekuja peke yake, ametoka bomani kabla ya mapambazuko, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Je, kifunguliwe kichupa cha watoto 10 kwa ajili ya mmoja, au aambiwe arudi siku watakapokusanyika wengi? Muuguzi wetu alifungua. Alikuwa akisema kwamba chanjo ikimwagwa huagizwa nyingine bohari, lakini mama aliyerudishwa mikono mitupu hakuna bohari ya kumwagizia.

Kisha akatafuta njia ya kuwapata watoto kumi kwa pamoja, na njia ikawa mnada. Siku ya mnada wanaume huja na mbuzi na ng'ombe wa kuuza, na wanawake huja kuuza maziwa na shanga, na kununua unga, sukari na majani ya chai. Hakuna boma ambalo halina mtu wake pale. Kwa nini basi kliniki ya watoto iwe Jumatatu, siku ambayo mama amechoka kwa safari ya mnada wa jana, kwa sababu tu kwamba ratiba iliandikwa hivyo zamani? Aliomba ruhusa wilayani, akaipata, na tangu hapo huduma ya mkoba ikawa inatandaza meza yake pembeni ya mnada, mizani ya kupimia watoto ikining'inia kwenye tawi, kisanduku cha barafu kikiwa kivulini. Mtu wa kujitolea hapo hana sindano mkononi. Hubeba kisanduku, huita majina, huandika kadi, huwashika wazee mazungumzo wanapongojea, na huangalia kifuniko kisiachwe wazi.

Wala haihitaji maneno mengi kumfahamisha Mmasai faida ya chanjo, kwani yeye ameijua kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa nchi hizi, ndui ikafuata, njaa ikafuata. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu wamebaki mifupa, nao wazee wa leo walipokea habari hizo kwa babu zao. Na katika dunia yote hii, maradhi mawili tu ndiyo yaliyokwisha kung'olewa kwa jitihada ya wanadamu: ndui, iliyotangazwa kwisha mwaka 1980, na sotoka, iliyotangazwa kwisha mwaka 2011, na yote mawili yaling'olewa kwa chanjo. Nilimsikia mzee mmoja akiwaeleza wake zake haya, kwa namna yake, penye josho, siku ambayo bwana mifugo alikuwa akichanja ndama upande mmoja na muuguzi akichanja watoto upande wa pili. Naona ni busara kubwa huduma hizo mbili kwenda pamoja kila inapowezekana, maana mwenye kutembea mwendo wa nusu siku kwa ajili ya ndama wake hashindwi kumchukua mtoto wake begani.

Juu ya madaftari nina neno refu kidogo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa riziki yangu ya kila siku. Mfumo wa taarifa za afya wa serikali, ambao watumishi huuita MTUHA, una madaftari makubwa yenye safu nyingi, na la wajawazito huuliza: mimba ngapi, watoto wangapi walio hai, wangapi waliofariki. Ni maswali mepesi kwa aliyeyatunga. Lakini kwa Wamasai wengi wenye kushika mambo ya kale, kuhesabu watu, kama kuhesabu ng'ombe, ni kuwaitia balaa, na jina la marehemu halitajwi ovyo. Mama huulizwa, hutazama chini, hunyamaza. Na mwandishi mwenye haraka huandika sifuri akamwita mwingine. Binti yule mkalimani alikuwa na njia yake. Humwuliza mama, "Mkubwa wako yuko wapi leo? Anayemfuata anachunga upande gani? Na huyu mgongoni, aliyemtangulia amebaki na nani?" Mama hufunguka, akasimulia kila mtoto na tabia zake, nami nikitia alama pembeni ya karatasi moja moja, hata hesabu ikatimia pasipo mtu kuhesabu. Wale waliokwisha kwenda zao tuliwatambua kwa nafasi pana iliyoachwa kati ya mtoto na mtoto, na mwanamke mtu mzima aliyemsindikiza hututhibitishia faraghani, kwa kichwa tu.

Msidhani hayo ni mambo ya karani. Oda ya dawa ya miezi ijayo hupangwa kwa kufuata matumizi yaliyoandikwa, na wajawazito walio na historia ya kupoteza watoto ndio wapasao kuangaliwa mapema na kupelekwa hospitali kabla ya uchungu. Daftari likidanganya, dawa hupungua, na mama wa kuangaliwa hupita mlangoni kama wengine.

Juu ya macho nitasema kwa ufupi. Ugonjwa wa vikope, ambao matabibu huuita trakoma, humwambukiza mtoto tena na tena kwa vidole, nguo na inzi, ukaacha makovu ndani ya kope, hata ukubwani kope zikageuka kuingia ndani na kuikwaruza mboni kila mtu apepesapo. Mwisho wake ni upofu, na wanawake hupofuka zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Dawa yake humezwa na kijiji kizima mara moja kwa mwaka, na kope zilizopinda hunyoshwa kwa upasuaji mdogo. Mengine ni kunawa uso. Lakini maji ya kunawa yako wapi, ikiwa punda hutoka asubuhi na kurudi alasiri na madumu manne? Shule ya kijiji ilitengeneza vibuyu chirizi, vile vitoavyo maji kidogo kidogo kwa kukanyaga kijiti, na watoto wakawa wanaosha nyuso kwa maji ambayo sisi wa pwani tungeyamwaga bila kuyaona. Hata upofu, basi, ukiufuatilia sana, huanzia kwenye umbali wa kisima.

Sasa niwageukie wageni. Huja vijana wa Ulaya na Marekani, na siku hizi huja pia wanafunzi wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, na wengi wao ni watu wa moyo safi. Lakini nimeona mgeni asiye na taaluma akipewa sindano ashike ili apate uzoefu ambao kwao asingeruhusiwa kuupata juu ya mnyama. Nimeona masanduku ya dawa zilizobaki majumbani mwa watu, maandishi yake hayasomeki na mtu yeyote kijijini, yakikabidhiwa kwa hafla na picha. Nimeona mama aliye katika uchungu akipigwa picha na mtu ambaye hajui hata jina lake. Sheria ya nchi haimruhusu mtu kutibu pasipo kusajiliwa na baraza la taaluma yake, na sheria hiyo inamlinda mwanamke wa Umasaini sawasawa na mwanamke wa Upanga, Dar es Salaam. Kumgusa mgonjwa pasipo idhini yake ni kumdhulumu, hata kama mkono unaogusa umejaa huruma.

Na nimeona kinyume chake pia. Alikuja kijana mmoja wa Ujerumani, fundi wa umeme, ambaye hakumsogelea mgonjwa hata mmoja. Alipanda juu ya bati, akakagua nyaya, akaziweka sawa taa za chumba cha kuzalia, kisha akautumia muda wake uliobaki kuwafundisha vijana wawili wa pale namna ya kusafisha vibao vya jua na kutunza betri. Aliondoka pasipo sherehe. Taa zile zimewaka katika kila uzazi wa usiku uliofuata, na zinapozimika wapo wa kuziwasha.

Jambo moja linanikera, nami nalisema waziwazi. Kwa miaka na miaka neno hili la kujitolea limekuwa kwa mgeni sifa na kwa mwenyeji mzigo: mgeni hujitolea kwa muda, akarudi kwao kwenye kazi yake, ilhali mhudumu wa afya wa kijijini, mke wa mtu na mama wa watoto, atembeaye boma hadi boma akitafuta watoto waliokosa chanjo na wagonjwa walioacha dawa, aliambiwa ajitolee maisha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kuwalipa, na mimi nauombea mpango huo ufike mpaka boma la mwisho, kwa sababu hakuna ndege wala gari linalopunguza umbali kama miguu ya mtu ambaye kila mlango humfungulia. Hao ndio wa kulipwa kwanza. Sisi wengine na tujitolee kuwasaidia.

Kijana unayenisikiliza, uliye tayari kwenda, usifunge safari kabla ya kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya na kumwuliza ni nini kinachokosekana. Mwandikie mapema, usiende wakati wa masika, na chukua chakula chako usile cha watu. Ukifika, kaa na wazee kwanza, uwaamkie, uwape nafasi ya kukujua, kisha umfuate muuguzi na kufanya akuambialo. Nawe uliye muuguzi uliyesajiliwa, unayepumzika nyumbani ungali na nguvu, lako ni kubwa kuliko la wote: nenda ukamshikie mwenzako zamu kwa mwezi mmoja, ili naye aende kwao akawaone wanawe, kwani yule mama wa Kipare niliyewasimulia hakuwa amepata likizo tangu mwenzake alipohamishwa, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba hakuwapo wa kukaa mahali pake. Wilayani watakuambia ni zahanati zipi zenye muuguzi mmoja peke yake.